Nge kamgonga mtoto kidole cha mguu, mapafu yakajaa maji. Inakuwaje?

#1 Mdadisi_Mkimya

Habari za jioni wakuu. Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tatu, aligongwa na nge kwenye kidole gumba cha mguu wakati anavaa kiatu. Alilia, tukamwekea barafu, akanyamaza. Tukajua yameisha. Haikupita muda akaanza kutapika, jasho likamlowesha shati lote, halafu kikohozi. Tulipofika hospitali wakasema mapafu yana maji na moyo hausukumi vizuri. Akawekewa oksijeni na dawa, akalazwa, akapona. Sasa hivi anacheza mpira kama kawaida.

Swali langu: sumu iliingia kidoleni, na kidole chenyewe hata hakikuvimba. Moyo na mapafu vimeingiaje hapo? Shemeji yangu anasema mtoto alikuwa na tatizo la moyo toka zamani, nge kasingiziwa. Wajuzi naombeni mwongozo.

#2 Chakubimbi

Nge atafute wakili. Nimekaa mbele kabisa, nawasubiri madaktari wa humu.

#3 Kobe_Mzee

Mbona rahisi. Sumu inaingia kwenye damu, inapanda hadi moyoni, inauunguza. Ndiyo maana sisi tukigongwa tunafunga kamba juu ya jeraha ili isipande.

#4 Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Mzee wangu Kobe, shikamoo, lakini kamba hapana. Unaunyima mguu damu na sumu haisubiri kamba. Kuchanja na kunyonya ni vilevile. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, toa dawa ya maumivu, na kama ni mtoto mpeleke akaangaliwe hata kama amenyamaza.

Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, sehemu yenye nge wengi. Mtoto anayepiga mayowe kwa maumivu hanitishi sana. Anayenitisha ni yule aliyetulia: nywele zimelowa, ukimshika mkono ni wa baridi hadi kwenye kiwiko, mapigo ya kifundo unayatafuta kwa vidole huyapati sawasawa, na ukimsikiliza kifuani moyo unakimbia. Kwa wavulana uume husimama wenyewe na hauteremki. Wazazi wanaona haya kulitaja, wakati kwetu ni moja ya dalili za mwanzo kwamba sumu imeshasambaa mwilini. Baada ya hapo kinakuja kikohozi kidogo, kikavu. Kikigeuka povu la rangi ya waridi, mbio zinakuwa nyingine.

Mdadisi, mlipomshika mikono ilikuwa baridi?

#5 Mdadisi_Mkimya

Baridi kabisa dada. Mama yake alimvalisha sweta na soksi akidhani homa inaanza. Na hilo la pili ulilotaja lilikuwepo pia, ila hakuna aliyelisema hadi daktari alipouliza.

#6 Mwalimu_wa_Viumbe

Kobe_Mzee #3, habari ya sumu kuunguza moyo haitoshi kueleza kilichompata huyu mtoto.

Karibu nge wote wanaoua wako kwenye familia moja, Buthidae. Sumu yao ina protini fupifupi ambazo kazi yake kubwa ni kung'ang'ania milango ya sodiamu, yaani vitundu vinavyopitisha chumvi hiyo, kwenye mishipa ya fahamu (neva). Mlango huo ukifunguka unatakiwa ujifunge ndani ya milisekunde chache. Sumu inauzuia usijifunge. Basi neva inafyatuka, inafyatuka tena, haipumziki. Neva za jasho, mate, tumbo, mapigo ya moyo na presha zote zinamwaga kemikali zake kwa wakati mmoja.

Mara nyingi asetilikolini, mojawapo ya kemikali hizo za neva, hutangulia kuonekana: kutapika, mate, jasho, mapigo kushuka. Kisha zinashika hatamu adrenalini na noradrenalini, za kwenye neva na za kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mishipa ya damu inabana, presha inapanda, mikono na miguu inapoa, moyo unakimbia huku umebebeshwa mzigo usio wake. Kwa hiyo kinachoupiga moyo kwa sehemu kubwa ni homoni za mtoto mwenyewe.

#7 Chakubimbi

Yaani nge anawasha kiberiti anakaa pembeni, nyumba inajiteketeza yenyewe. Wakili wake kazi anayo.

#8 Kobe_Mzee

Mwalimu nimekusoma. Ila moyo nao una milango ya sodiamu, au nakosea? Damu inapita huko kila sekunde. Kwa nini sumu isiuguse?

#9 Mwalimu_wa_Viumbe

Hapo mzee umegusa penyewe. Moyo wa mnyama ukitolewa ukawekwa maabara, sumu ya baadhi ya nge inabadilisha mapigo yake. Wanaoamini kwamba sumu inaushambulia moyo moja kwa moja wanashika hapo hapo. Wapinzani wao wanasema milango ya misuli ya moyo si ya aina ile ile ya kwenye neva, na kiasi cha sumu kinachotumika maabara si lazima kiwe kile kinachofika moyoni kwa mtu. Bado wanavutana.

#10 Stetoskopu

Salaam. Niongezee upande wa kliniki.

Ukimpima mtoto kama huyu umeme wa moyo, karatasi inaweza kutoka na mistari ambayo kwa mzee ungesema mshipa wa moyo umeziba. Troponini, protini ya misuli ya moyo, imepanda kwenye damu, kwa maana misuli ya moyo imeumia kweli. Ultrasaundi inaonyesha chumba cha kushoto kinasukuma kivivu. Lakini mishipa ya moyo ya mtoto haina mafuta wala kizuizi chochote. Na zaidi ya yote, akivuka salama moyo unarudi, mara nyingi ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache. Misuli iliyokufa hairudi hivyo.

Mimi naona inafanana sana na hali inayoitwa takotsubo, iliyoelezwa kwanza na madaktari wa Japani mwaka 1990. Huko mtu anapata mshtuko mkubwa, msiba kwa mfano, homoni za mfadhaiko zinafurika na moyo unalegea kwa muda. Mafuriko ni yale yale, ila huku chanzo chake ni mwiba.

Wapo pia wanaosema mishipa ya moyo yenyewe inabana ghafla na misuli inakosa damu. Naiheshimu hoja hiyo, lakini mara nyingi ulegevu wa moyo haufuati eneo la mshipa mmoja.

Kuhusu shemeji wa Mdadisi: siwezi kusoma faili la mtoto nisiyemwona. Kama ultrasaundi ya baadaye ilitoka safi, hoja yake inakosa miguu.

#11 Karani_wa_Maabara

Daktari Stetoskopu, umemaliza moyo ukaacha mapafu yanaelea. Mapafu yana njia mbili za kujaa maji. Ya kwanza ni hiyo yako: moyo wa kushoto unachoka, damu inarundikana nyuma yake, shinikizo linasukuma maji kwenye vifuko vya hewa. Ya pili ni kuta za mishipa midogo ya mapafu kuanza kuvuja zenyewe, kwa sababu sumu imeamsha kemikali za uvimbe mwilini. Maji ya uvujaji yana protini nyingi, ya shinikizo yana kidogo. Brazil, kwa nge wao wa manjano Tityus serrulatus, wamewahi kuandika juu ya mgonjwa ambaye ushahidi uliegemea uvujaji. Usiuangushie moyo kila kitu.

#12 Stetoskopu

Siuangushii. Ila Tunisia waliingiza mirija hadi kwenye mishipa ya mapafu ya wagonjwa mahututi wakapima, wakakuta shinikizo liko juu na moyo unatoa damu kidogo kwa kila pigo. Hiyo ni picha ya moyo. Nge wao ni wengine, Androctonus australis na Buthus. Huenda mko sawa kwa nge wenu nasi tuko sawa kwa wetu.

#13 Karani_wa_Maabara

Au vyote viwili kwa mgonjwa mmoja, kwa saa tofauti. Mbona hilo hulisemi?

#14 Stetoskopu

Nalisema sasa.

#15 Mama_Pacha

Samahanini, mimi naona mnazunguka mbuyu. Hiyo si mzio tu? Kuna watu nyuki mmoja anawapeleka ICU. Mimi nge alinigonga mkononi nikiwa natoa nguo kwenye kamba, nikapata ganzi na kuwashwa hadi begani, nikalala vibaya usiku ule, basi. Mwili wangu haumkatai nge, wa huyo mtoto unamkataa.

#16 Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Mama Pacha, mzio wa sumu ya nge upo, ila sura yake ni nyingine. Wa mzio ngozi inatoka vipele, midomo na koo vinavimba, presha inaanguka mapema, mikono mara nyingi ya moto. Huyu presha inaanza kwa kupanda, mikono ya baridi, ngozi haina vipele. Kuvichanganya kuna hatari yake, kwa sababu mzio unatibiwa kwa adrenalini, na huyu wa nge tayari anazama kwenye adrenalini. Mwenye koo linalofunga mpe, bila kusita. Ila usimchome kila aliyegongwa na nge kwa mazoea.

Tofauti kubwa kati yako na huyo mtoto nadhani ni kilo. Sumu ni ile ile, mwili mdogo.

#17 Mwalimu_wa_Viumbe

Na aina ya nge, dada. Dunia ina zaidi ya aina 2,000. Zenye sumu ya kumdhuru binadamu vibaya hutajwa kuwa kati ya 30 na 50. Aliyemgonga Mama Pacha huenda hayumo kabisa.

Halafu kuna kiasi anachokitoa. Parabuthus transvaalicus wa kusini mwa Afrika ameonekana akitoa kwanza tone la maji yasiyo na rangi, yenye chumvi ya potasiamu nyingi, yanayouma sana lakini hayana protini nyingi. Akiendelea kuchokozwa ndipo anatoa ule uzito wa rangi ya maziwa. Protini ni gharama kwake, hazimwagi ovyo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kugongwa na nge mmoja dakika ile ile, mmoja akachekelea na mwingine akalazwa.

#18 Chakubimbi

Huyo huyo ndiye anayerusha sumu machoni?

#19 Mwalimu_wa_Viumbe

Ndiye. Anaweza kuirusha hewani. Macho yanauma vibaya, osha kwa maji mengi. Ila sifa ya Parabuthus ni kusumbua neva na misuli, mgonjwa anatetemeka, anameza kwa shida, anaweza kushindwa kupumua. Kwa hiyo hata mapafu yakishindwa si lazima yawe yamejaa maji. Pengine misuli ya kuvutia pumzi ndiyo imegoma. Hii ni njia ya tatu, Karani, ambayo wewe na daktari mmeiruka.

#20 Ngozi_Nene

Hamjasema jambo moja ambalo kila mtu analijua: mwenye magando makubwa na mkia mwembamba hana shida, mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye muuaji. Angalia magando, ukalale.

#21 Tochi_ya_Zambarau

Ngozi_Nene, mimi huwatafuta usiku kwa tochi ya mwanga wa zambarau, wanang'aa kijani kibichi cha samawati hata wakiwa mbali. Isipokuwa aliyetoka kujivua gamba, huyo hang'ai hadi gamba jipya likomae. Nimewaona wengi wa kila umbo. Kanuni yako inasaidia kidogo, lakini nge anapokuwa mtoto nani anapima gando lake gizani? Na aliyegongwa mara nyingi hajamwona kabisa.

#22 Mwalimu_wa_Viumbe

Kanuni hiyo ina tundu lingine. Hemiscorpius lepturus wa kusini magharibi mwa Iran hayumo kwenye Buthidae, wala hana mkia mnene wa kutisha, lakini anaua. Mgongo wake, namaanisha mdungo wake, watu wengi hawausikii sana mwanzoni. Kisha ngozi inaoza, chembe nyekundu za damu zinapasuka, figo zinafunga. Moyo kwake si hadithi kuu.

#23 Ngozi_Nene

Iran ni mbali, mwalimu. Magando yangu nayaamini.

#24 Mdadisi_Mkimya

Ahsanteni sana, nasoma kila kitu. Mtoto alipewa kidonge kimoja wakasema ni cha presha, akalazwa chali wakatukataza kumwinua. Nikashangaa, moyo umechoka halafu unampa dawa ya kushusha presha?

#25 Stetoskopu

Bila shaka ni prazosini, na hapo kuna kisa kizuri. Daktari Himmatrao Bawaskar alikuwa akifanya kazi Mahad, mji mdogo jimbo la Maharashtra, India, kwenye nge mwekundu wa huko. Wagonjwa walikuwa wanamfia wamejaa maji mapafuni. Katika miaka ya 1980 akaanza kuwapa prazosini, dawa ya presha ya bei rahisi inayofungua mishipa iliyobanwa na noradrenalini. Mishipa ikifunguka, moyo unatua mzigo. Vifo ambavyo kabla yake vilitajwa kufikia karibu asilimia 30 vya waliougua sana vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 2022 India ilimpa nishani ya Padma Shri.

Kulazwa chali ni kwa sababu dozi ya kwanza inaweza kuangusha presha ghafla mtoto akiinuka. Na haipewi mtu ambaye presha yake tayari imezama; huyo anahitaji dawa ya kuupa moyo nguvu, dobutamini kwa mfano.

#26 Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Na hapo kwenye dripu pana mtego. Mtoto ametapika, ametoka jasho, amekauka, anahitaji maji. Lakini ukimmiminia, mapafu yanazama zaidi. Nilishawahi kukuta chupa ya pili inamalizika kwa mtoto anayekohoa povu, aliyetumwa kutoka kituo kingine. Tulifunga dripu kwanza, maswali baadaye.

Atropini nayo, dawa inayozuia asetilikolini, naomba iachwe kabatini kwa wengi wao. Inakausha mate na jasho, familia inafurahi, kumbe moyo unakimbia zaidi. Inabaki kwa yule ambaye mapigo yameshuka kiasi cha kutisha.

#27 Kobe_Mzee

Na kingasumu? Mmezunguka kote hamjaitaja. Kwa nyoka tunaijua. Kwa nge haipo?

#28 Karani_wa_Maabara

Ipo, mzee, na ndiyo ugomvi wenyewe. Mwaka 1999 watafiti wa Tunisia walichapisha jaribio la watu 825 wa zaidi ya miaka 10, wengine wakapewa kingasumu, wengine dawa bandia. Hapakuwa na tofauti. Miaka kumi baadaye, 2009, Arizona wakajaribu kwa watoto 15 waliougua vibaya. Wote 8 waliopata kingasumu dalili ziliisha ndani ya saa 4, kwa wale 7 wengine ni mmoja tu. Mwaka 2011 Marekani ikaidhinisha kingasumu hiyo.

#29 Stetoskopu

Lakini nge wa Arizona, Centruroides, anasumbua neva: macho yanazunguka, viungo vinarukaruka. Huwezi kuchukua matokeo yake ukayavika kwa moyo. Kwa moyo soma India 2011: wagonjwa 70, nusu prazosini peke yake, nusu prazosini na kingasumu. Ndani ya saa 10 walipona 32 kati ya 35 waliopata vyote, na 8 kati ya 35 wa prazosini tu.

#30 Karani_wa_Maabara

Watu 70 dhidi ya 825. Unachagua unaowapenda.

#31 Stetoskopu

Wengi wa hao 825 hawakuwa mahututi. Ukimpa kingasumu mtu ambaye angepona nayo au bila nayo, utaonaje tofauti? Halafu kuna saa. Kingasumu inakamata sumu iliyo huru. Adrenalini iliyokwisha mwagika haiikamati. Mtoto akiletwa na povu tayari, unachotibu ni mafuriko.

#32 Karani_wa_Maabara

Jaribio la Tunisia liliangalia hata waliokuja na dalili nzito, daktari. Nenda kalisome tena.

#33 Stetoskopu

Nimelisoma. Waliokuwa na dalili nzito walikuwa wachache, na watoto wadogo, ambao ndio wanaokufa zaidi, hawakuwemo kabisa. Hapo hatukubaliani, tuendelee.

#34 Tochi_ya_Zambarau

Mkiendelea kugombana, niwape takwimu moja: makadirio yaliyochapishwa 2008 yanasema watu zaidi ya milioni 1.2 hugongwa kwa mwaka duniani, wanaofariki zaidi ya 3,250. Wengi mno huishia kama Mama Pacha.

#35 Mama_Pacha

Niishie vizuri basi. Na huyo mtoto apimwe tena moyo au yameisha?

#36 Stetoskopu

Kama moyo ulilegea, ultrasaundi ya marudio baada ya wiki kadhaa ni jambo la busara hata kama anacheza mpira. Mdadisi, waulize waliomtibu kama walipanga tarehe.

#37 Mdadisi_Mkimya

Walipanga, nami nilikuwa naiona ni usumbufu. Tutakwenda.

#38 Kobe_Mzee

Na sisi wazee? Natumia dawa ya presha, ile inayopunguza mapigo. Nge akinigonga, nimekwisha au nimekingwa?

#39 Stetoskopu

Mzee Kobe, swali gumu. Dawa yako inaziba upande mmoja wa adrenalini, ule wa mapigo. Upande wa kubana mishipa unabaki wazi, na moyo unaweza kukosa nguvu ya kupambana na huo mzigo. Usiiache dawa kwa hofu ya nge. Ila ukigongwa, jambo la kwanza kumwambia daktari ni jina la dawa unayotumia.

#40 Ngozi_Nene

Kwa hesabu hiyo wale wazee wa tezi dume wanaotumia dawa za kulegeza mishipa, jamii ya prazosini, wao wameshakingwa kabla ya nge kufika?

#41 Stetoskopu

Sijasema hivyo.

#42 Chakubimbi

Umesema. Wazee wa tezi dume, vaeni viatu bila kukung'uta.

#43 Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Chakubimbi, nitakutumia wagonjwa wako uwalaze kwako. Kung'uteni viatu, wote.